Makuta yetu, namba yetu

Tunakumbuka wote RAM. Ilianza mwaka 2020: tukiingiza yunite katika telefone, sehemu inakatwa bila sisi kuulizwa. Kwa mwaka ilikuwa dola 1 kwa telefone ndogo, dola 7 kwa zile za intaneti. Watu walilalamika nchi nzima, wabunge wakamwuliza waziri, na mwaka 2022 serikali ikaiondoa.

Tulijifunza kuuliza makuta yetu yanaenda wapi. Sasa tuulize pia namba zetu zinaenda wapi. Tukienda kutoa makuta kwa ajenti, jina na namba vinaandikwa katika daftari lililo wazi mezani. Anayefuata anasoma. Usiku binti anapigiwa na mwanaume asiyemjua. Namba aliitoa wapi?

Tangu Machi 2023 nchi yetu ina sheria ya mambo hayo, Code du numérique. Inataka habari za mtu zilindwe, zitumiwe kwa kazi ile tu zilizoombewa. Kwa hiyo tukimwambia ajenti afunike daftari, hatumtukani, tunadai haki.

Namba ya siri tuibonyeze wenyewe. Mtu akipiga na kusema ni wa kampuni, akaiomba, tukate. Na yule mama anayemtajia ajenti namba yake kwa sauti kwa sababu hakusoma, tusimcheke. Jioni moja inatosha kumfundisha tarakimu kumi.