Karatasi ikishakusanywa, wacha iende

Kama hujawahi kukaa kwenye saiba ya Mwiki jioni ya siku ambayo watahiniwa wa KCSE wamefanya karatasi ya Kompyuta, basi hujawahi kuona kesi ikiamuliwa bila hakimu. Nasema Mwiki ya Ruiru, hii ya kupandia matatu Githurai 45, si ile ya Kasarani. Nimesema mapema kabla hamjaanza kunisahihisha.

Mimi nafanya kazi hapo. Natoa kopi, naskani, nachapa barua, najazia watu fomu za KRA na eCitizen. Msimu mmoja wa KCSE waliingia wanafunzi sita na sare zao, wakalipia mashine moja nusu saa. Nikadhani wanatafuta kitu cha kusoma kwa karatasi inayofuata. Wapi! Walikuwa wamekuja kuhukumiana.

"Kumi na sita uliandika nini?"

"Ya flochati? Niliweka kisanduku cha uamuzi mara mbili."

"Mara mbili? Ni moja bana. Umeenda."

Umeenda. Neno moja tu, na msee ameshafeli somo zima. Aliyekuwa anatoa hukumu alikuwa kijana mrefu mwenye sauti kubwa, anajibu kabla swali halijaisha. Hakuna aliyemuuliza yeye ana uhakika gani. Kwenye hizi kesi, mwenye sauti ndiye hakimu.

Pembeni kulikuwa na msichana hasemi kitu. Alikuwa anaandika namba kwenye kiganja kwa biro, anajumlisha, anafuta kwa mate, anajumlisha tena. Wenzake walipotoka alibaki nyuma akaniuliza, "Brathe, C- ya Kompyuta inaweza kunipeleka wapi?" Nikamuuliza hiyo C- ameipata wapi na karatasi hata haijafika kwa wasahihishaji. Akanionyesha kiganja. Nikamuuliza kumebaki nini. Akasema Biashara, halafu akaongeza kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Lakini hata kusoma kuna maana gani sasa?"

Hapo ndipo nilipoamua siku moja nitaandika haya.

Tuanze na hesabu yenyewe, kwa sababu watu wa kompyuta hupenda hesabu. Somo la Kompyuta kwenye KCSE lina karatasi tatu. 451/1 ni nadharia. 451/2 ni vitendo: unakaa mbele ya mashine, unaunda lahajedwali au hifadhidata, unahifadhi kazi na kuichapisha. 451/3 ni mradi, ule mfumo ambao mwanafunzi wa Kidato cha Nne hujenga kwa miezi na kuuandikia ripoti. Gredi ni moja, na inatoka kwa zote tatu. Sasa wewe unasimama nje ya lango unajipa C- kwa sababu ya karatasi moja. Tena si karatasi nzima, ni yale maswali manne ambayo mlikumbuka kuyabishania.

Halafu kuna suala la kuchagua. Kwenye nadharia, Sehemu ya B ina swali la 16 la lazima, kisha unachagua matatu kati ya manne yanayobaki. Maana yake ni kwamba wanafunzi wawili waliokaa dawati jirani wanaweza kuwa wamefanya mitihani miwili tofauti kwa kiasi kikubwa. Lakini langoni utasikia mtu akilia kwa sababu ya jibu la swali la 19, swali ambalo yeye hakulifanya! Nimeliona hilo kwa macho yangu. Tulicheka baadaye, lakini siku ile hakuna aliyecheka.

Tuseme sasa kweli umekosa. Swali linataka ubadilishe 29 iwe nambari ya jozi, yaani ya 0 na 1. Unagawa kwa 2, unaandika masalio, unaendelea hadi ufike sifuri, kisha unasoma masalio kutoka chini kwenda juu. Jibu ni 11101. Mwenzako alisoma kutoka juu kwenda chini akaandika 10111, ambayo ni 23. Amekosa jibu, hakuna ubishi. Lakini migawanyo yake yote ilikuwa sahihi. Pale ambapo hatua zina alama, huyo hajatoka mikono mitupu. Langoni lakini hakuna nusu alama. Langoni ni umepata ama umeenda.

Na kuna jambo ambalo linaniuma zaidi, kwa sababu somo lenyewe linalifundisha. Programu mbili zinaweza kuandikwa tofauti kabisa na zote zikafanya kazi. Mmoja anaanza kuhesabu kutoka 0 hadi 9, mwingine kutoka 1 hadi 10. Zote ni mara kumi. Hakuna mwalimu wa kompyuta anayepima programu kwa kuilinganisha mstari kwa mstari na ya jirani. Unaipa data, unaiendesha, unaona inachotoa. Sasa mbona mkitoka nje mnapima majibu kwa kuyalinganisha na ya jirani?

Hilo la 0 na 1 sikulitoa hewani. Ni langu.

Nilikuwa chuoni, mwaka wa pili, diploma ya teknolojia ya habari. Chuo sitakitaja. Tulifanya mtihani wa kuprogramu asubuhi, tukatoka, tukasimama chini ya mti. Jamaa aliyekuwa akiongoza darasa akasema kitanzi cha swali la kwanza lazima kianze na 0. Wote wakaitikia. Mimi nilianza na 1. Mwingine akasema swali la tatu linataka kitu ambacho hata sikukielewa. Nikarudi chumbani nikachukua karatasi nikaanza kujitoa alama. Hapa toa tano, hapa toa nane. Nilipomaliza nilikuwa na 31.

Baada ya siku mbili kulikuwa na mtihani wa takwimu. Sikuusomea. Nilijiambia, mtu ambaye amefeli kuprogramu anatafuta nini kwenye takwimu? Asubuhi ya mtihani nikafunga begi nikapanda matatu kurudi nyumbani. Mathe aliniuliza mbona nimerudi mapema, nikamwambia tumemaliza.

Sitawadanganya kwamba niliacha chuo kwa sababu hiyo peke yake. Karo pia ilikuwa imechacha, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kuomba. Lakini matokeo ya muhula ule ninayo mpaka leo. Kuprogramu nilipata 64. Kwenye takwimu kuna kistari. Si sifuri, ni kistari, maana hakukuwa na kitu cha kusahihisha. Ile 31 iliwahi kuwepo mahali pamoja tu, kwenye karatasi yangu, kwa mwandiko wangu.

Ndiyo maana nikisikia watu wakisema "ni kukadiria tu, si kitu", huwa sikubali. Hata wanaokadiria kwa kazi na kwa mashine kubwa hukosea. Mwaka 2020 Uingereza ilifuta mitihani kwa sababu ya korona ikaamua kukadiria gredi za wanafunzi. Walimu walitoa makadirio yao, kisha mfumo wa hesabu wa kompyuta ukayarekebisha. Matokeo ya kidato cha mwisho yalipotoka Agosti 13, karibu gredi 4 kati ya kila 10 zilizopendekezwa na walimu zilikuwa zimeshushwa. Vijana wakaandamana, na kufikia Agosti 17 serikali ikasalimu amri ikarudi kwa gredi za walimu. Sisi hapa Kenya tulichagua kungoja. KCSE ya 2020 ilifanywa Machi na Aprili 2021, watu wakiwa wamevaa barakoa. Ilichosha, lakini kila mtu alipata gredi ya kile alichoandika.

Kuna jambo jingine ambalo hakimu wa langoni hawezi kulijua hata akiwa mjanja namna gani: mpaka wa gredi uko wapi. Mipaka hiyo hauipati kwenye karatasi ya maswali. KNEC huiweka baada ya kusahihisha, na kila somo lina yake. Waulizeni darasa la 2016. Waliokuwa mbele yao, 2015, walikuwa wametoa A za jumla zaidi ya 2,600. Kila mwenye akili alijua A inaonekanaje, si ndiyo? Matokeo yakatoka Desemba 2016, nchi nzima A zilikuwa 141. Makadirio yote yaliyofanywa kwa kuangalia ya mwaka uliotangulia yaliishia kwenye taka.

Tena kanuni zenyewe hubadilika. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya wastani inahesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Maana yake hiyo Kompyuta unayoililia huenda hata isihesabiwe kwenye wastani wako. Na huenda ile karatasi ya Ijumaa unayoidharau ndiyo itakayohesabiwa.

Najua mtanijibu. Kwanza, mtasema kujadili mtihani husaidia kujifunza. Nakubali, kama ni mtihani wa muhula. Mkimaliza mtihani wa shule, kaeni na mwalimu, fungueni kitabu, mbishane hadi usiku, kwa sababu kosa la leo mtalirekebisha kesho. Lakini KCSE hairekebishwi langoni. Karatasi imefungwa kwenye bahasha, imeenda. Mnachojifunza hapo ni hofu.

Pili, mtasema mtu hawezi kunyamaza, moyo unawasha. Hilo nalielewa kuliko yote. Mtu akitoka chumba cha mtihani anataka kuambiwa kwamba hakuwa peke yake. Ndiyo sababu halisi ya ule msongamano langoni. Hawatafuti majibu, wanatafuta mwenzao aliyekosa pamoja nao. Sawa, tafuta mwenzako. Mwambie ilikuwa ngumu. Mwambie mkono ulitetemeka. Lakini usimuulize swali la 16 aliandika nini, maana hapo umeacha kutafuta rafiki, umeanza kutafuta hakimu.

Na kuna wanaofaidika na hofu yenu. Simu hazijapoa, kuna mtu kwenye Telegram anauza "majibu rasmi" ya karatasi mliyomaliza, na ya kesho pia kama una pesa. Wale ni matapeli. Kila mwaka KNEC huonya, kila mwaka mtu anatuma pesa. Pesa hiyo inatosha chapati na madondo hapa stejini, na tumbo likishiba angalau utasoma.

Wazazi nao nina neno kwao, kwa heshima. Mama, baba, mtoto akiingia mlangoni usimuulize "Utapata ngapi?" Hajui. Akikupa jibu atakuwa anakudanganya au anajidanganya. Muulize kama amekula. Muulize kesho kuna karatasi gani na itaanza saa ngapi.

Yule msichana wa kiganja alirudi matokeo yalipotoka. Simu yake haikuwa na bando, akaniomba nimwangalizie. Alinipa nambari yake ya mtihani akasimama nyuma yangu, nikasikia pumzi yake. Kompyuta: B. Sikusema kitu, nilishuka tu na mstari. Biashara: D+.

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Biashara sikuisoma ile wiki." Nilijua. Nilikuwepo. Nilimwona akiacha, na siku ile sikumwambia chochote zaidi ya "usijali", neno ambalo halijawahi kumsaidia mtu.

Wastani wake ulikuwa C. Kwenda chuo kikuu moja kwa moja kunataka C+. Sasa hivi anafanya diploma, na naomba Mungu asije akakutana na mti kama wangu. Sisemi ile D+ ndiyo ilimzuia, siwezi kuthibitisha. Ninachojua ni kwamba gredi aliyoikadiria haikutokea, na ile ambayo hakuifikiria kabisa ilitokea.

Kwa hivyo ninyi mnaofanya mwaka huu, na hawa wa mwisho watakaofunga mlango wa KCSE 2027, nina ombi moja. Mkitoka kwenye karatasi ya Kompyuta, tembeeni. Nunueni smokie. Ongeeni mpira, ongeeni mapenzi, ongeeni vumbi la hii barabara yetu. Mtu akianza "Kumi na sita uliandika nini?", mwambie umesahau. Si uongo, ni kinga.

Saiba iko wazi hadi saa tatu usiku. Ukija na karatasi ya zamani ya somo la kesho, nitakuchapia kwa bei ya chini. Lakini mkija sita kukodi mashine moja ili muhesabiane alama, mtalipa mara mbili, na nitazima intaneti.