Tusipange Vyumba kwa Mdomo

Mwezi uliopita tulifika katika tawi moja la chama mjini Dar es Salaam kwa kazi ya kadi. Kabla hatujaketi tulimwona mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi, amekaa barazani juu ya godoro lake, vyombo vyake vimeegemezwa ukutani. Mlango wa chumba chake ulikuwa umeng'olewa alfajiri ile, na aliyeung'oa ni mwenye nyumba mwenyewe. Mama yule hakuwa na deni. Alikuwa amelipa kodi ya miezi sita, fedha taslimu, na miezi mitatu ilikuwa ingali mbele yake. Lakini alikuwa ametokea mtu mwingine mwenye kutoa zaidi. Tulipomwuliza karatasi yake iko wapi, alitutazama kwa mshangao akasema, "Karatasi gani, wanangu? Tulielewana."

Wangapi wameelewana namna hiyo, kisha wakalala nje?

Wazee wetu watakumbuka kwamba zamani ilikuwapo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Ile ya mwaka 1984 iliweka mabaraza ya nyumba, na mwenye nyumba hakuwa na ruhusa ya kupandisha kodi kama apendavyo. Mwaka 2005 sheria hiyo ilifutwa. Tangu hapo bei ya chumba ikawa ni jambo la watu wawili, mwenye chumba na mwenye shida ya chumba; na kila mtu anajua katika mazungumzo ya namna hiyo nani huinamisha kichwa. Ndipo desturi ya kudai miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo ilipopata nguvu, na juu yake dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukuonyesha mlango.

Kwa sababu hiyo wananchi wengi wamedhani kwamba mpangaji hana sheria tena. Hilo si kweli, nasi twataka kila mwanachama alijue. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, ina sehemu nzima juu ya upangaji. Inasema kwamba katika kila upangaji, hata kama hayakuandikwa, mwenye nyumba amekwisha kuahidi mambo fulani. Ameahidi kwamba mpangaji alipaye kodi atakaa kwa amani bila kubughudhiwa. Ameahidi kwamba chumba cha kulala watu kinafaa kukaliwa na watu, na kitabaki hivyo. Akipangisha sehemu tu ya nyumba, paa, kuta kubwa, mifereji mikuu na sehemu wanazotumia wote ni mzigo wake yeye. Basi bati linalovuja juu ya kitanda chako si bahati mbaya yako, bwana. Ni deni lake. Mpangaji naye ameahidi yake: kulipa kodi kwa wakati, kutunza jengo lisiharibike kupita uchakavu wa kawaida, na kutompangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi.

Sheria hiyo inakubali hata mapatano ya mdomo, ikiwa upangaji hauzidi mwaka mmoja. Mama yetu wa barazani alikuwa na haki kamili. Alichokosa ni ushahidi. Alirudi chumbani siku ya tatu kwa kuwa majirani wanne waliomwona akihesabu zile fedha walikubali kusema mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kama majirani wale wangaliogopa, maana nao ni wapangaji wa nyumba ile ile, leo tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Kwa hiyo karatasi iandikwe, na iandikwe kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa ndicho lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Hapana sababu ya mtu wa Manzese kutia sahihi kwenye maneno ya Kiingereza yaliyonakiliwa kutoka mkataba wa ofisi fulani, asiyoyajua yeye wala mwenye nyumba. Maneno yawe mepesi: mimi fulani, mwenye nyumba iliyo mtaa fulani, nimempangisha fulani chumba kimoja cha uani, kwa shilingi kadhaa kwa mwezi, kuanzia tarehe hii mpaka tarehe ile. Hayo ndiyo mifupa ya mkataba. Lakini ziko nyama ambazo watu wetu husahau, na huko ndiko wanakoumia.

Ya kwanza ni fedha ya mbele. Usiandike jumla peke yake. Andika kodi ya mwezi mmoja ni kiasi gani, umelipa miezi mingapi, na ni miezi ipi kwa majina yake. Kisha weka sharti kwamba mwenye nyumba akikitaka chumba kabla ya muda, atarudisha kwanza fedha ya miezi isiyokaliwa ndipo mpangaji afungashe. Sharti hilo moja lingemzuia yule bwana kugusa bawaba za mlango.

La pili ni notisi. Mkataba usiotaja mwisho wala notisi, sheria huuhesabu kuwa unakwenda kwa vipindi vya kulipia kodi, na notisi haipungui kipindi kimoja. Alipaye kwa mwezi ana mwezi. Mwenye watoto shuleni ana haja ya zaidi, basi aombe miezi mitatu wakati bado anabembelezwa achukue chumba, asingoje siku ya ugomvi.

Tena kuna umeme. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa katika LUKU: ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Lakini anunuaye umeme ni mpangaji, naye ndiye anayekatwa. Tumewaona wapangaji wa vyumba sita wakigombana wao kwa wao juu ya nani kanunua umeme mwanzo wa mwezi, na mwenye mali amekaa kimya! Iandikwe wazi kwamba makato hayo yatatolewa katika kodi ya chumba.

Marekebisho, choo, maji, idadi ya watu chumbani: yaandikwe pia, kila jambo kwa sentensi moja. Nakala ziwe mbili, mashahidi wawe wawili, kila upande mmoja. Risiti zitunzwe, na aliyelipa kwa simu asifute ujumbe. Mkataba upelekwe ulipiwe ushuru wa stempu, ambao kwa upangaji ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwa kuwa karatasi isiyo na stempu haipokewi kuwa ushahidi mpaka ilipiwe. Ugomvi ukitokea, Baraza la Kata ni la kusuluhisha. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Wapo watakaosema chama kinawachochea wapangaji. Hatusemi kila mwenye nyumba ni kupe. Wengi ni wajane na wastaafu wanaokaa chumba cha mbele na kuishi kwa kodi ya vyumba vya nyuma, nao wamewahi kuamka wakakuta mpangaji amehama usiku na deni la miezi miwili. Karatasi hiyo hiyo inawalinda na wao. Lakini ndani ya chama wamo viongozi wenye nyumba za kupangisha ambao hawajapata kumwandikia mpangaji hata risiti. Mtu wa namna hiyo atasimamaje jukwaani Jumapili kuwaambia wananchi habari za haki? Waanze wao. Mwenyekiti wa tawi na awe wa kwanza kubandika mkataba wake ukutani, jina la mpangaji likifichwa kama akipenda.

Nasi hatukusomea uanasheria. Wengine wetu tulisomea ualimu tu. Hata hivyo kusoma na kuandika tunajua, na kazi hii kwa sehemu kubwa haihitaji zaidi ya hayo. Twaomba kila tawi litenge meza moja kila Jumamosi alasiri, na vijana wawili wenye mwandiko mzuri, wawaandikie mikataba wapangaji na wenye nyumba bila malipo. Mikataba ya zaidi ya mwaka, au yenye mabishano, wawapeleke kwa wakili au kituo cha msaada wa kisheria, wasijifanye mahakimu. Anayekuja na aje na mwenzake wa upande wa pili, kitambulisho, risiti za zamani kama zipo, na nambari ya mita ya umeme. Yule mama wa barazani amekwisha kuandika jina lake katika Jumamosi ya kwanza. Mwenye nyumba wake bado hajajibu kama atakuja.