Usiulize simu kama mvua itanyesha, uliza paa lako

MVUA ikianza Nairobi, wengi wetu hufanya kitu kimoja: tunatoa simu. Simu inasema jua, dirishani ni mafuriko. Wewe uko South C maji yamefika magotini, beshte yako aliye Kikuyu anakuuliza, "Mvua gani?" Halafu tunageuka kulaumu watu wa hali ya hewa.

Hebu tuelewane. Programu ya simu haijui paa la ploti yako. Inakupa makadirio ya eneo kubwa, ilhali mvua ya jiji hili inaweza kumwagika mtaa mmoja na kuruka wa pili. Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner hutoa utabiri na tahadhari, lakini haiwezi kuweka mtu kwa kila mtaa. Pengo hilo tunaweza kuliziba wenyewe: majengo makubwa na magari ya kazi yawekwe vituo vya hali ya hewa, vile vya kikazi, si mapambo.

Si kitu cha ajabu. Ni mlingoti wenye vikombe vitatu vinavyozungushwa na upepo, mshale wa kuonyesha upepo unatoka wapi, chombo cha kupima mvua, na kipimajoto kilichofichwa ndani ya visahani vyeupe ili jua lisikidanganye. Kuna pia kipimo cha unyevu na cha mgandamizo wa hewa. Habari zote zinatumwa kwa kompyuta au simu kila baada ya dakika chache.

Kwa nini nalichukulia hili kwa uzito? Nilipoachana na chuo niliingia mjengo. Siku moja tukiwa ghorofa ya sita, upepo ulikuja ghafla ukabeba bati kama karatasi. Lilitua mahali ambapo mama wa chakula alikuwa amesimama dakika chache awali. Hakuna aliyeumia, tukacheka, tukaendelea na kazi. Lakini ukweli ni kwamba foremani wetu alikuwa akipima upepo kwa kutazama vumbi. Kreni ina kiwango cha upepo kilichowekwa na mtengenezaji, na ukizidi hapo unasimamisha kazi. Sasa utajuaje umezidi kama huna kipimo? Na upepo wa pale chini si ule wa juu. Chini unaweza kuhisi umetulia, kumbe aliye juu anashikilia nguzo.

Haya, mjengo umeisha, wapangaji wameingia. Kituo bado kina kazi. Chukua hesabu hii rahisi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 200 za mraba likipata milimita 50, hizo ni lita 10,000. Landilodi mwenye takwimu hizo anajua tangi lake litakusanya kiasi gani na mifereji yake itahimili nini. Asiye nazo anangoja maji yaingie kwenye lifti.

Na kuna jambo zito zaidi. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unapita katikati ya jiji ukielekea Gikomba na Korogocho. Mvua inayonyesha juu inakuja chini, hata kama kwenu hakujadondoka tone. Mwaka wa 2024, mvua za masika ziliua zaidi ya watu 200 nchini, na Mathare watu walikimbia nyumba zao usiku. Vipimamvua kwenye mapaa ya huko juu, vikiwa na mtu wa kutuma ujumbe huku chini, vinaweza kumpa mama mwenye watoto muda wa kuondoka. Mradi wa TAHMO tayari huweka vituo kama hivi kwenye shule. Kama shule inaweza, ghorofa la kifahari lina sababu gani?

Tuje kwa magari. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka Embakasi, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa. Gesi na moshi hufuata upepo. Gari la zimamoto lenye kituo juu yake linawaambia wahudumu waingilie upande gani, na wakazi wa upande upi wahamishwe kwanza. Ila cha gari si sawa na cha nyumba. Gari likienda kilomita 80 kwa saa na upepo wa kilomita 20 ukija mbele, kipimo cha kawaida kitasoma 100. Ndiyo maana kile cha kikazi huwa na GPS na dira, ili kitoe mwendo wa gari na kubakisha upepo halisi.

Najua utasema ni ghali. Kweli, si bei ya mandazi. Lakini ploti ya nyumba 60 inaweza kugawana gharama, kama tunavyolipia mlinzi. Shida kubwa kwangu ni nyingine: tutakinunua kisha tukisahau. Kipimamvua kikizibwa na majani kinasema hakujanyesha. Kipimajoto kikibanwa kando ya ukuta kinapima joto la ukuta. Na habari zikibaki kwa simu ya keateka pekee, hazisaidii mtu.

Hapo ndipo sisi vijana tunaingia. Kufunga, kusafisha, kusoma takwimu na kuzituma kwa grupu ya WhatsApp ya mtaa ni kazi unayoweza kujifunza bila digrii, na inapaswa kulipwa.

Kwa hivyo kaunti ziweke sharti kwa majengo marefu, na wakandarasi wasikubaliwe kuinua kreni bila kipima upepo. Lakini usiwangoje. Kwenye mkutano ujao wa wapangaji, kabla ya kuongea kuhusu takataka na maegesho, uliza swali moja: jana usiku paa letu lilipata milimita ngapi? Kama hakuna anayejua, basi mvua kubwa ijayo itatukuta tumelala.