Nyumba ya baridi na shamba la Naboti

Kipupwe hiki, upepo wa Dodoma unapopenya mpaka kwenye mifupa, fungua Amosi 3:15. Nabii anatangaza hukumu juu ya wakubwa wa Samaria waliokuwa na nyumba ya kukaa wakati wa baridi na nyingine ya wakati wa joto, zikiwamo zilizopambwa kwa pembe za ndovu. Hakutia chumvi. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua Samaria katika karne ya 20, walikuta vipande vingi vya pembe vilivyochongwa kwa ustadi mkubwa.

Karibu miaka 100 kabla ya Amosi, Mfalme Ahabu naye alikuwa na majumba mawili. Samaria iko mlimani. Yezreeli iko chini, kwenye bonde lenye joto zaidi, na wapo wataalamu wa Biblia wanaoamini kuwa huko ndiko alikokwenda kuikwepa baridi. Ubavuni mwa jumba hilo palikuwa na shamba la mizabibu la Naboti (1 Wafalme 21).

Mgogo wa zamani alikuwa na nyumba moja kwa majira yote: tembe. Kuta za miti na udongo, paa bapa lenye tabaka nene la udongo, vyumba vikiuzunguka ua wa ng'ombe. Jua la mchana halikupenya upesi, na usiku wa Julai watu walilala na joto. Sisemi turudi huko. Aliyelala kwenye tembe mvua kubwa ikinyesha anajua paa lile lilivyovuja. Wala sina ugomvi na maghorofa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, watu wanahitaji pa kukaa, na Biblia haimhukumu mtu kwa idadi ya vyumba vyake.

Kilichoiponza Yezreeli ni jirani. Ahabu alitaka shamba liwe bustani ya mboga. Naboti akakataa, kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake. Angalia basi lilivyochukuliwa: barua zenye muhuri, wazee wakaketi, mashahidi wawili wakasimama, hata mfungo ukatangazwa. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa, na dini ilikuwepo! Hatuambiwi kwamba kuna mzee hata mmoja aliyeuliza swali.

Sisi wa Dodoma tunaijua mizabibu. Tunajua pia jiji linavyopanuka kuelekea mashambani, na jana palipolimwa leo pana bikoni za viwanja. Malalamiko ya ardhi hapa ni ya siku nyingi. CDA yenyewe ilivunjwa Mei 2017 baada ya wananchi kuilalamikia kwa miaka.

Wachungaji na wazee wa kanisa, tunaitwa kila mara kubariki nyumba mpya. Kwaya inaimba, masufuria yako jikoni, tunaweka mikono ukutani na kuomba. Naomba kabla ya sala hiyo tumuulize mwenye nyumba, faraghani na kwa upole: aliyekuwa analima hapa amelipwa yote, na kwa bei ya haki? Na kibarua aliyechanganya zege? Torati inataka ujira wake utolewe siku ileile, kabla jua halijachwa (Kumbukumbu la Torati 24:15). Kama bado, ibada iahirishwe mpaka walipwe, hata kama pilau imeshaiva.