Profesa, Katiba na Kabrasha la Mjane



Safari ya kuhani msiba ilitufikisha Eldoret, katika mtaa wa West Indies, kwa jamaa zetu waliohama Pwani miaka mingi iliyopita kwa ajili ya biashara. Mwenye nyumba ametangulia mbele ya haki, na mjane wake tulimkuta angali katika eda. Kabrasha la hati za duka alikuwa amelificha chini ya mto, kwa kuwa shemeji zake walikwisha kumwambia kwamba Mwislamu hana mahakama yake huku bara. Asubiri hadi watakapokutana Mombasa, lini hawakusema. Kufuli la duka lilikuwa tayari limebadilishwa.

Aliyelijibu jambo hilo ni binti wa ndugu yake, mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Moi. Alifungua Katiba, akasoma ibara ya 170, kisha akatueleza habari za profesa mmoja ambaye amekuwa akivisoma vitabu vyake mwaka mzima: Yash Pal Ghai. Tukaona ni haki wasomaji wetu nao wamjue.

Ghai alizaliwa Kenya mwaka 1938, katika jamii ya Wahindi, na si Mwislamu. Alisoma sheria Oxford na Harvard, na mwaka 1963 akaanza kufundisha Dar es Salaam, ambako baadaye aliongoza kitivo cha sheria. Mwaka 1970 yeye na Patrick McAuslan walitoa kitabu kikubwa juu ya sheria za umma na mabadiliko ya siasa nchini Kenya. Baadaye alifundisha Warwick, Uingereza, kisha Hong Kong kwa miaka mingi. Ukizipitia kazi zake, iwe ni juu ya Hong Kong, ya Papua New Guinea au ya kwetu, utaona amekuwa akilirudia swali moja: watu wa dini, lugha na asili mbalimbali waishije chini ya dola moja, bila ya mmoja kummeza mwenziwe?

Mwaka 2000 swali hilo lilimrudisha nyumbani, alipokabidhiwa uenyekiti wa Tume ya Kurekebisha Katiba ya Kenya. Tume ilizunguka nchi nzima ikisikiliza watu, na rasimu yake ya 2002 ilipendekeza ngazi kadhaa za mahakama za Kadhi, pamoja na mahakama ya rufaa. Yaliyofuata wengi wetu tunayakumbuka. Majadiliano ya Bomas yaligubikwa na mabishano, na Ghai akajiuzulu mwaka 2004. Nafasi yake ikashikwa na Bi. Abida Ali-Aroni, mwanamke wa Kiislamu na mwanasheria; jina hili tunawaomba akina mama wawatajie mabinti zao. Mwezi Mei 2010 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu cha mahakama za Kadhi katika Katiba ya zamani kilipingana na misingi ya Katiba hiyohiyo. Agosti 4 mwaka huo wananchi wakapiga kura, na Katiba mpya ikapita ikiwa na mahakama hizo, ingawa bila ya zile ngazi zilizopendekezwa awali.

Sasa turudi kwa mjane wetu. Katiba ya Uhuru ilizifunga mahakama hizi kwa jina na ule uliokuwa ukanda wa himaya ya Sultani wa Zanzibar. Ibara ya 170 haiutaji ukanda huo. Kadhi anaweza kuketi popote nchini kwa mujibu wa sheria. Mjini Eldoret kwenyewe mahakama ya Kadhi ipo. Masharti ni kwamba shauri liwe la hali ya mtu, ndoa, talaka au mirathi, na wahusika wote wawe Waislamu na wakubali kuhukumiwa hapo. Shemeji wakikataa je? Shauri litakwenda kwenye mahakama nyingine, lakini hata huko Sheria ya Urithi, kifungu cha 2(3), inataka mali ya marehemu Mwislamu igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Thumni yake mjane mwenye watoto iko palepale, baada ya madeni kulipwa na wasia kutekelezwa. Na mahari yasiyolipwa nayo ni deni.

Lipo jambo zito zaidi, ambalo binti yule ndilo analotaka kulifanyia utafiti. Ibara ya 24(4) inaruhusu haki ya usawa ipunguzwe, kwa kadiri inayohitajika kabisa, ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya Kadhi. Nani anayeipima kadiri hiyo, na kwa elimu gani? Wapo wake wa Kiislamu walioridhika na ibara hiyo, na wapo wanaoitilia shaka; sisi tunaona ni vibaya kuwaachia watu wa mbali peke yao mjadala huu. Babake binti alinung'unika kwamba shahada moja yamtosha, aolewe. Mjane, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, alimjibu: "Kaka, mwache asome. Leo nisingelijua pa kwenda."

Eda yake ikimalizika, inshallah, watafuatana wawili hao kwa Kadhi. Kabrasha lingali chini ya mto.