Hiyo "orijino" mnayoililia iliundwa na fundi redio

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, kamati ya muziki ya kanisa letu ilikaa kujadili amplifaya ya gitaa, maana ile ya zamani imekata roho. Mpiga solo wetu, kijana ambaye siku za kazi hutengeneza televisheni mtaani, akasema anaweza kuagiza seti ya vipuri akaiunda mwenyewe, tena ya valvu, zile taa za kioo zilizokuwa kwenye redio za babu zetu. Mwenyekiti hakumwacha amalize. "Kijana, hapa ni nyumba ya Mungu. Hatutaki vitu vya kuungaunga. Tunataka orijino." Mjumbe mmoja akapiga makofi kabisa. Kijana akajibu, "Sawa, mzee," akaketi.

Alipaswa kumuuliza mwenyekiti: hiyo orijino iliundwa na nani?

Leo Fender, ambaye jina lake wapiga gitaa wetu hulibandika hadi kwenye kava za simu, alikuwa mhasibu aliyepoteza kazi. Mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California. Fundi redio! Watu walimletea redio mbovu naye akajifunzia humo humo. Saketi za amplifaya zake za mwanzo hazikwenda mbali na michoro ambayo watengenezaji wa valvu walikuwa wakiichapisha vitabuni, aitumie yeyote mwenye pasi ya kulehemu.

Ya Uingereza ndiyo inayochekesha zaidi. Jim Marshall alikuwa mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma, mwenye duka la vyombo vya muziki Hanwell, magharibi mwa London. Wapiga gitaa waliopita dukani walitamani amplifaya ya Fender Bassman, lakini ya kutoka Marekani ilikuwa ghali. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1960 fundi wake, Ken Bran, akishirikiana na kijana mmoja wa umeme, Dudley Craven, wakanakili saketi ya Bassman karibu yote na kuweka vipuri vilivyopatikana Uingereza. Ndiyo JTM45, mama wa amplifaya zote za Marshall mnazoziona nyuma ya wanamuziki wa roki. Kwa lugha ya kamati yetu, ile ni feki. Imeungwaungwa na fundi redio!

Na hao Wamarekani mnaowaiga hawakuwahi kuona haya kuunda vitu kwa mikono. Heathkit ya Benton Harbor, Michigan, iliuza seti za vipuri kwa miongo kadhaa: redio, vipimo vya umeme, hata amplifaya za gitaa. Baba alilehemu mezani jioni na watoto wakitazama. Sisi tunasomesha mtoto uhandisi wa umeme miaka minne, anarudi na joho na picha ya mahafali, pasi ya nguo ikiharibika anaita fundi.

Nimeiona amplifaya ndogo ambayo kijana wetu alikwisha kuiunda kwao. Ni ya wati 5, yenye valvu tatu tu: 12AX7 ya kukuza sauti mwanzoni, 6V6 ya kusukuma spika, na 5Y3 ya kugeuza umeme. Mgongoni kuna ubao mweusi wenye matundu, vipuri vimelala safu moja, kila rezista na pete zake za rangi. Jeki ya gitaa imefungwa kwa nati kwenye fremu ya chuma. Nilipotaka kunyoosha kidole akanishika mkono. "Subiri, baba. Hapo kuna zaidi ya volti 300 hata kama nimechomoa plagi." Kapasita hutunza umeme. Akazimaliza nguvu kupitia rezista, akapima kwa mita mpaka namba ikashuka, na muda wote mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Huyo ndiye mwenyekiti anayemwona mtu wa kuungaunga.

Sasa fungueni ile orijino yenu iliyokufa. Vipuri ni vidogo kama punje za mchele, jeki imelehemewa moja kwa moja kwenye bodi. Mtu alijikwaa kwenye waya, bodi ikapasuka, basi. Muuzaji akatuambia tuagize bodi nzima, na bei yake inakaribia ya amplifaya mpya. Mchoro wa saketi? Hana, wala hajawahi kuuona.

Eti ya kuunda itachoma kanisa. Wanasema hivyo watu ambao kinanda chao kimechomekwa kwenye ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine, na soketi ya ukutani imeshikiliwa na selotepu! Wengine wanataka waranti. Tulikuwa nayo, kadi nzuri yenye muhuri. Tulipoipeleka, duka limekuwa saluni.

Na si kanisani tu; nawafahamu wanamuziki wa dansi. Nchi hii mwenye vyombo ndiye mwenye bendi, na mpiga gitaa ni mwajiriwa. Bendi ya NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya chama. Mpaka leo mpigaji akikorofishana na tajiri anatoka mikono mitupu, na kipaji chake hakina pa kutokea. Halafu akitokea anayeweza kujiundia chombo, tunamwambia akae chini. Wazungu mafundi redio tunawaita wavumbuzi. Wa kwetu tunamwambia "kijana".

Najua seti si bure; transfoma ni nzito, na usafiri na ushuru vitauma. Lipeni. Na kabla kamati yoyote haijatoa sadaka za waumini kununua orijino, imwambie muuzaji alete mchoro wa saketi na jina la fundi atakayeitengeneza ikiharibika. Akikosa hivyo viwili, mrudieni kijana, mumwombe radhi, mumpe hela. Ila akiagiza Marekani ahakikishe transfoma ya umeme ni ya volti 230, maana kule majumbani wanatumia 120.