Nani Mwingine Iko na Ufunguo wa Duka Lako?

Wandugu vijana, wengi wetu tuko na diploma kabatini na telefoni mkononi. Kazi ya ofisi haionekani, basi tunajidebruye: huyu anauza viatu kwenye ukurasa wake, yule anasimamia duka la ndugu aliye Ulaya. Artikle 15, tunaijua wote. Leo tunataka kusema juu ya kitu kimoja kinachoharibu kazi hiyo kimyakimya: ruhusa tunazozipa programu za watu wengine ziingie ndani ya maduka yetu ya mtandaoni.

Ninaanza na yangu, juu kosa lilikuwa langu.

Shangazi yangu iko Ubelgiji, anashona mifuko ya bikwembe na kuiuza kwenye soko moja kubwa la mtandaoni. Miye niko Goma na lisansi yangu ya jestio. Usiku, umeme ukiwepo, ninaandika matangazo na kujibu wateja, naye ananitumia dola 40 kwa mwezi. Siku moja nilipata programu ya bure iliyoahidi kunakili matangazo yetu kwenye masoko mengine na kutayarisha karatasi za anwani za vifurushi. Ikaleta orodha ndefu ya ruhusa, kwa Kiingereza. Mega zilikuwa zinaisha. Nikabonyeza kukubali bila kusoma hata mstari mmoja. Baada ya miezi miwili tukaona haitusaidii, nikaifuta kwenye telefoni. Kwangu ilikuwa imekwisha.

Karibu mwaka ukapita. Wateja wakaanza kupokea ujumbe: kifurushi chako kimekwama, lipa euro 2 kitoke. Ujumbe ulitaja jina lao, anwani yao, hata rangi ya mfuko walioagiza. Watatu waliingiza namba za kadi zao, na kilichotoka kwenye akaunti hakikuwa euro 2. Shangazi akabadilisha neno la siri, ujumbe ukaendelea. Akanipigia: "Papa, ulifungulia nani?" Sikuwa na jibu. Ilinichukua siku mbili kuupata ukurasa wa programu zilizounganishwa, umefichwa chini ya menyu tatu. Ile programu ilikuwa bado pale, na ruhusa ya kusoma kila agizo. Labda wenyewe waliuza majina, labda na wao waliibiwa. Tulipoikata, wateja wapya hawakupata ujumbe tena.

Hapa njo wengi wetu tunapotea. Programu kama hiyo haihitaji neno lako la siri. Soko lenyewe linaipa ufunguo wake wa pekee, tokeni, na ufunguo huo unabeba ruhusa zake: kusoma maagizo, kubadilisha bei, kuandikia wateja. Ufunguo unakaa kwenye kompyuta za mwenye programu, siyo kwenye telefoni yako. Kuifuta kwenye telefoni ni sawa na kupasua picha ya mtu ambaye bado analala ndani ya ligablo yako. Hata kubadilisha neno la siri hakutoshi kila mahali: eBay inaweza kufuta funguo hizo ukilibadilisha, lakini kuna masoko yanayoziacha. Na zinaishi muda mrefu. Kwa eBay, ruhusa moja inaweza kudumu miezi 18. Amazon inadai muuzaji athibitishe ruhusa upya kila mwaka. Hilo ni zuri, ila mwaka mzima ni maagizo mengi.

Tusidhani ni shida ya wauzaji wadogo peke yao. Funguo za namna hiyohiyo zinatumika kwenye mitandao ya kijamii, na mwezi wa Machi 2017 wahalifu waliingia ndani ya Twitter Counter, programu ya kuhesabu wafuasi. Ghafla akaunti nyingi za Twitter, hata ya Amnesty International na ya jarida Forbes, zikaandika maneno ya Kituruki yenye alama ya Wanazi. Wahalifu hawakuhitaji neno la siri la mtu yeyote. Programu ya kuhesabu ilikuwa na ruhusa ya kuandika. Ya nini?

Swali hilo njo la kuuliza kila mara. Programu ya kusafisha picha za bidhaa haina kazi na anwani ya mteja. Ya kutayarisha karatasi za vifurushi inazihitaji, hakuna njia nyingine, lakini haina kazi na bei zako. Kwa Amazon utapata orodha ndani ya Seller Central, kwenye sehemu ya kusimamia programu. Kwa eBay iko kwenye mipangilio ya akaunti. Usiyoitumia, ikate. Usiyoikumbuka, ikate kwanza, uliza baadaye. Kisha badilisha neno la siri, na uangalie namba ya benki inayopokea malipo kama bado ni yako. Yale ambayo programu ilishachukua hayarudi kwa kubonyeza. Hapo unamwandikia mwenyewe na kumdai ayafute. Amazon inakataza programu kuhifadhi majina na anwani za wanunuzi zaidi ya siku 30 baada ya mzigo kufika, isipokuwa sheria inadai. Sheria iko. Anayechungulia kompyuta za kila mmoja ni nani?

Shangazi, kwa kuwa anauza Ulaya, iko chini ya RGPD, inayotumika tangu 25 Mei 2018. Mwenye duka njo anajibu juu ya data za wateja, na zikivuja kwa namna ya kuhatarisha watu, anapaswa kujulisha mamlaka ndani ya masaa 72. Yeye, siyo mpwa wake wa Goma aliyebonyeza. Kwetu Kongo kuna Code du numérique, amri-sheria namba 23/010 ya 13 Machi 2023, nayo inalinda data za mtu. Nani alikuja iniversite ao sokoni kutuelezea? Na masoko haya makubwa, kitufe cha kukubali wanakiweka kikubwa katikati ya kioo, cha kuondoa wanakizika. Hapo hapana bahati mbaya.

Kuna na sisi wenyewe. Tunaosimamia maduka ya wengine tunapenda kupewa neno la siri lote, inatupa ukubwa. Tulikatae. Amazon inaruhusu mwenye duka kumfungulia msaidizi sehemu moja moja: hapa hagusi, hapa anaona tu, hapa anabadilisha. eBay pia ina njia ya kumwalika msaidizi kwa akaunti yake mwenyewe. Miye nilikuwa naweza kugusa hata malipo ya shangazi. Nilimwomba aniondolee, akacheka, akasema nimechelewa mwaka mmoja.

Alirudishia wale watatu pesa zao kutoka mfukoni mwake, na miezi minne hakunitumia zile dola 40. Sikulalamika. Wawili wamerudi kununua. Wa tatu hajajibu.